Mlinzi Aliyeinua Mkono

Vijana mliochukua kazi hii baada yangu, mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kupima makona. Nashukuru kwa keki na kwa kile kiti cha kukunja mlichonipa siku ya kuagana, ingawa nimekikalia mara moja tu na kilinibana. Kama mlitarajia niwaombe radhi kwa jinsi nilivyogombana na watu kwenye vikao tangu miaka ya tisini, zikunjeni karatasi hizi sasa hivi. Siombi radhi. Nimestaafu nikiwa na goti moja bovu, na maoni yangu yote bado ninayo.

Kwa wale walioingia majuzi, na kwa mke wangu ambaye hadi leo huwaambia wageni kwamba nilifundisha ule mpira wa kuvaa mito mabegani, nieleze kwanza. Kwenye futiboli ya Kimarekani, timu inayoshambulia ina mrushaji, naye huwarushia mpira wapokeaji wanaokimbia mbele. Kona ni mlinzi anayesimama pembeni mwa uwanja akitazamana na mpokeaji mwenye mbio kuliko wote. Mpokeaji anajua anakokwenda, kona hajui. Mpokeaji anaanza kwa kukimbia mbele, kona anaanza kwa kurudi kinyumenyume. Akikosea mlinzi wa katikati, hujificha kwenye rundo la watu. Akikosea kona, uwanja mzima unamwona akimfukuza mtu ambaye ameshafika. Kazi yangu ilikuwa kuwatazama makona chipukizi, yaani walio katika msimu wao wa kwanza, na kumwambia kocha mkuu nani abaki na nani aende zake.

Mimi ni mtu wa Malindi. Nilikuja London kusoma uhasibu, na uhasibu ukanishinda kabla sijaushinda. Nilikuwa nimecheza raga Nairobi, basi Jumapili moja nikapita kwenye bustani moja karibu na Tooting, nikaona watu wazima wenye kofia ngumu wakigongana kwenye tope, nikauliza kama wanahitaji mtu. Walihitaji. Nikacheza nao kona kwa miaka kadhaa bila malipo na bila bafu la maji moto. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Wamarekani walipoleta timu ya kulipwa mjini, walitafuta mtu wa huku anayeielewa nafasi ile, awe msaidizi wa kocha wa walinzi wa nyuma. Waliotuma maombi walikuwa wachache, na mmoja alidhani ni kazi ya ulinzi wa getini.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa nimevaa tai. Kocha wa walinzi wa nyuma alikuwa mzee mweusi wa Alabama aliyeitwa Otis, mtu wa sauti ya taratibu aliyekunywa chai yetu kwa kinyaa huku akiomba nyingine. Aliitazama tai yangu, akaniketisha mbele ya televisheni. Nusu ya juu ya kioo ilikuwa imezibwa kwa kipande cha boksi la viatu, kimebandikwa kwa gundi ya karatasi. Akaweka kanda ya video, nikaanza kutazama mchezo wa viuno na miguu. Hakukuwa na mpira, hakukuwa na mikono wala nyuso. Nikamuuliza nitajuaje kama mlinzi amefaulu.

"Ndiyo sababu nimeziba," akaniambia. "Ukishajua kama mpira umedakwa au haukudakwa, macho yako yameshahongwa."

Nilikaa kwenye kiti kile mpaka saa ya chakula, nikaandika madaraja ya makona wote bila kujua nani alipigwa chenga na nani alisifiwa na magazeti. Otis alipolitoa boksi turudie, niliona kwamba mlinzi niliyempa daraja la juu ndiye aliyefungwa mara mbili siku ile, na yule niliyemwona kilaza alikuwa ameudaka mpira uliomdundia kifuani kwa bahati. Nikadhani nimefeli. Otis akaniambia nirudi kesho bila tai.

Kwa hiyo ninaposikia mnanong'ona kwamba mzee Charo alipima watu kwa boksi la viatu, nasikia sifa. Leo mna kompyuta zinazohesabu kila hatua, na sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na mtu anayeifungua baada ya kusoma matokeo. Mabega ya mchezaji yanaweza kudanganya na macho yake pia, lakini hakuna binadamu anayekwenda mahali ambapo nyonga yake haijageukia. Tazameni nyonga. Kisha tazameni anachofanya mara baada ya kupitwa, kwa maana kupitwa atapitwa, awe nani.

Tulikuwa na chipukizi mmoja wa Florida mwenye mbio za kutisha. Kila aliyeshika saa ya kupimia alimpenda. Mimi nilisema aende, kwa sababu kila alipopitwa alitazama benchi, na mara tatu zilizofuata alicheza akiwa bado analitazama. Wakaniambia sina macho, wakambakiza. Mbio zake zilimfikisha haraka kila mahali alipochelewa kuamua kwenda. Mwingine alikuwa kijana wa Birmingham, ile ya Uingereza, aliyelelewa kwenye raga kama mimi. Alijifunza kila kitu isipokuwa kimoja, kwamba ukiunyang'anya mpira unakimbia nao. Yeye alimtupia mwenzake nyuma bila kugeuka, kama kwenye raga, na siku moja aliyekuwa nyuma yake ni mwamuzi. Walicheka mpaka wakalia. Mimi nilisema abaki, maana mtu anayejua kuna mtu nyuma yake bila kugeuka hafundishwi hilo na yeyote. Alibaki, na kwa msimu mmoja alicheza vizuri kuliko waliomcheka.

Nawaambia haya ili muelewe kichwa nilichokuwa nacho Baraka alipokuja. Otis alikuwa amesharudi kwao, nami ndiye niliyesimamia walinzi wa nyuma. Sheria ya ligi ilitutaka tuwe na wachezaji wa huku na tuwachezeshe kiasi. Kocha mkuu wa wakati huo, ambaye simtaji jina kwa sababu bado hunitumia kadi ya Krismasi, alikuwa na desturi ya kuwaweka watu wa huku mahali wasipoweza kuleta madhara. Wapiga mpira kwa mguu, sawa. Wakabaji wazito, sawa. Kona hapana. Kona, alisema, mtu huanza kuicheza utotoni, na haifundishiki kwa mtu mzima. Nilimkumbusha kwamba mimi mwenyewe nilianza nikiwa mtu mzima. Akasema ndiyo, na alishaziona kanda zangu.

Baraka alikuja kwenye majaribio ya wazi mwanzoni mwa msimu, amevaa viatu vya mpira wa miguu na fulana ya kampuni ya usafi. Alikuwa kijana wa Bukavu, kule mashariki mwa Kongo, mrefu wa miguu na mkimya. Walikuwa wamefika London yeye na dada yake, wakakaa miaka wakingoja kibali, na walipokipata wakaingia kwenye kazi ya kusafisha ofisi. Kwao alikuwa beki wa mpira wa miguu. Nilimsikia akihesabu hatua kwa Kiswahili alipokuwa akirudi nyuma, nikamwita kando.

"Papa, kumbe uko najua Kiswahili," akasema. Alisikiliza maneno yangu machache, akatabasamu. "Lakini Kiswahili yako iko ya mu kitabu."

Nikamwambia chake kimepita porini bila viatu. Tukaelewana tangu hapo. Nyonga kama zake sikuwa nimeziona tangu nianze kazi. Aligeuka bila kuinuka na bila hatua ya ziada, na alirudi nyuma kwa namna ya mtu anayetoka chumbani kwa heshima. Nikampigania apewe wiki mbili za mazoezi, nikapewa. Alimwomba msimamizi wake ruhusa kazini, akaambiwa nafasi yake itamngoja mpaka Jumatatu baada ya mechi ya kwanza, na hapo angepewa mtu mwingine.

Basi ikaja mechi ya mazoezi dhidi ya wageni wetu kutoka Ujerumani. Baraka aliingia kipindi cha pili. Mara tatu za kwanza alifanya kila kitu sawa. Mara ya nne mpokeaji alikimbia moja kwa moja, akampita begani, akaingia nyuma yake. Na Baraka akasimama. Akainua mkono wa kulia juu kabisa, wima, na kumgeukia mwamuzi wa pembeni. Alikuwa akidai kwamba mpokeaji ameotea.

Ninyi mnaojua mchezo huu mnajua kwamba kwetu mpokeaji haotei kwa kumpita mlinzi. Kumpita mlinzi ndiyo kazi aliyoajiriwa. Yule Mjerumani aliudaka mpira bila mtu karibu, akatembea hatua za mwisho, akageuka kutazama kilichomsibu mlinzi wake. Baraka alikuwa bado ameinua mkono. Benchi letu lote lilicheka, benchi lao likacheka, na mwamuzi naye akajikohoza kwenye kiganja. Jioni ile tayari walikuwa wamempa jina la utani, na kila aliyempita kwenye korido aliinua mkono.

Mimi sikucheka. Siwaambii hivyo ili mnione mwema. Nilikasirika, na nilimkasirikia yeye kwanza. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi nje ya chumba cha kubadilishia nguo, viatu mkononi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapa hakuna kuotea. Anaweza kukaa nyuma yako akafua nguo na kuzianika, na hakuna atakayepiga kipenga."

"Najua, papa. Nilijua. Mukono ulienda yenyewe."

Nikamuuliza kwa nini. Akaviweka viatu chini, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Kwetu sisi bane ba nyuma tuko mutu moja. Moja akipanda, bote banapanda. Nikiinua mukono, haiko juu ya mwamuzi. Niko naambia benzangu: yangu nimemaliza, mulinde ya kwenu."

Yaani kwao mabeki wanne hupanda na kushuka kwa mstari mmoja, na mkono ule ni salamu kwa wenzake kabla ya kuwa dai kwa mwamuzi. Nilirudi chumbani, nikalichukua boksi langu, nikaziba nalo kioo na kuitazama kanda yake upya. Kila mara Baraka aliposogea, alisogea kwa kumfuata mlinzi aliye mbali naye, sio kwa kumfuata mpokeaji. Alikuwa anashika mstari ambao wenzake hawakujua kwamba wamo. Tulikuwa tumempa kazi ya mtu kwa mtu, kila mlinzi na mpokeaji wake mpaka mwisho, hali yeye alizaliwa kwa ulinzi wa zoni, ambapo kila mlinzi ana eneo lake na mpokeaji akitoka humo unamkabidhi kwa mwenzako.

Nikampelekea kocha mkuu kanda na boksi. Hakuwa mjinga, na msidhani nasimulia habari ya mjinga. Aliitazama mpaka mwisho, akakubali kwamba miguu ni mizuri. Kisha akalitoa boksi na kunionyesha ule mkono.

"Alisimama," akasema. "Mengine yote yanafundishika, Charo. Anayesimama mpira ukiwa hewani ananifungisha."

Nikamwambia hakusimama kumngoja mwamuzi, alisimama kuwangoja wenzake, na wenzake hawakuwepo. Akasema kwake ni mamoja. Nikasema kwangu si mamoja hata kidogo, na kwamba kama angekuwa chipukizi wa Texas aliyefanya upuuzi wa aina yake tungeshamwandalia darasa. Alinitazama vibaya. Nilijua nimevuka mpaka, na sikurudi nyuma. Mwishoni akanipa nusu ya kwanza ya mechi ya Jumamosi, ile ya kwanza ya msimu, kwa zoni yangu, kwa sharti moja. Baraka akipitwa hata mara moja mpaka mpira ukaingia mwisho, yaani tukafungwa, nimtoe palepale, na Jumapili asubuhi niende nikamgongee mlango. Kwenye timu yetu, kugongewa mlango asubuhi na kuambiwa uje na kitabu chako cha mipango kulikuwa na maana moja tu. Ulikuwa umemwaga unga.

Jumapili iliyotangulia mechi nilikwenda Barking kwa dada yake, Furaha, kwa sababu niliona si haki nimchezee mtu maisha yake bila wakubwa wake kujua. Alinipikia sombe, ambayo sisi huiita kisamvu, na bugali, akaniongezea kabla sijamaliza, akaniacha nishibe kwanza. Ndipo akauliza.

"Papa Charo, huyu njo mudogo wangu moja tu niko naye hapa. Unamutoa ku kazi, unamuweka wapi?"

Baraka alikuwa ameinamia sahani. Sikumpamba dada yule kwa maneno. Nilimwambia kijana anaweza kuwa kona wa kwanza wa huku chini ya kocha yule, na anaweza kurudishwa nyumbani wiki moja kutoka siku ile, na kwamba uwezekano wa pili ulikuwa mkubwa. Akaniuliza mimi ninaamini nini. Nikasema ninaamini wamempima vibaya. Furaha akamtazama mdogo wake, kisha akasema kama ni kurudishwa, nije nimwambie mwenyewe uso kwa uso, sio kwa simu. Nikakubali. Niliondoka nikiwa na hofu kuliko nilivyokwenda, kwa sababu hadi pale nilikuwa nagombana na kocha tu.

Wiki ile tulifanya kazi moja. Nyuma ya Baraka alicheza Mmarekani mmoja, Curtis, mlinzi wa mwisho, mtu wa majivuno na mwenye haki ya kujivuna. Ndiye aliyepaswa kuwapokea wapokeaji wanaotoka eneo la Baraka. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha Baraka kilikuwa kizuri akiwa ametulia, lakini akiwa anakimbia kilimkimbia. Basi nikawaambia waitane kwa Kiswahili. "Wangu" kama unamshika mwenyewe, "wako" kama unamkabidhi. Curtis alilalamika siku nzima kwamba hakuja Ulaya kujifunza Kiafrika. Siku ya pili akagundua kwamba wapokeaji wetu mazoezini hawakuelewa kinachoitwa, na kwamba maneno yale ni mafupi na yanasikika. Kufikia Alhamisi alikuwa akiyapigia kelele hata mezani akigombea mkate. Baraka naye nilimnyima usingizi kwa jambo moja. Ukisema "wako," nikamwambia, umekabidhi mtu, hukukabidhi mechi. Endelea kukimbia. Hapa hakuna wa kukuokoa.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Wageni walikuwa na mrushaji mjanja, na hawakumaliza dakika nyingi kabla ya kujua kwamba upande wetu wa kushoto kuna chipukizi wa huku. Walimtupia mpira mfupi, ukadakwa mbele yake, akamwangusha mdakaji papo hapo. Hilo ni sawa kwenye zoni. Wakamtupia mwingine, ukatoka nje. Nilianza kupumua.

Kisha wakatufanyia hila ambayo nanyi mnaijua. Mrushaji alijifanya anampa mpira mkimbiaji apenye nao katikati, akauficha pajani, na Curtis, kwa majivuno yake yote, akaingia kwenye ule mtego na kukimbilia mbele. Mpokeaji alimpita Baraka na kutoka eneo lake. Nilimsikia Baraka wazi kabisa toka pembeni mwa uwanja: "Wako! Wako!" Hakukuwa na wa kumpokea. Baraka aligeuka na kufukuza, lakini alikuwa amechelewa hatua mbili, na mpira ukaingia mwisho. Kwa watu wote waliokuwa uwanjani, mlinzi wa karibu alikuwa Baraka, kwa hiyo mkosaji alikuwa Baraka.

Nilitazama mikono yake. Haikuinuka. Hakumnyooshea Curtis kidole, hakutazama benchi. Alichomoa kipande cha nyasi kilichonasa kwenye kofia yake, akarudi kwenye mstari.

Kocha mkuu alinijia, mikono imekunjwa kifuani. "Umeona," akasema. "Mtoe."

"Yule hakuwa wake."

"Mpira uko mwisho, Charo. Tulikubaliana."

Ni kweli tulikubaliana. Alikuwa na haki ya kunikumbusha, na kanda ya siku ya pili ingeonyesha kosa ni la nani, lakini kanda ya siku ya pili ingemkuta Baraka ameshagongewa mlango. Walinzi walipotoka kupumzika, ikiwa zamu yetu ya kushambulia, Curtis alikuja kuketi karibu na Baraka, akampa chupa yake ya maji. Zamu yetu ya ulinzi ilipofika tena, mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuwaingiza walinzi wa nyuma. Mmarekani mmoja wa akiba alikuwa ameshavaa kofia yake na kufunga mkanda wa kidevu. Nikamwambia akae. Nikamwingiza Baraka.

Nasema hivi bila aibu na bila majuto: nilivunja amri nikijua ni amri. Tangu nianze kazi ile niliwaambia watu watazame kilichofanyika na sio kilichotokea, na mara hii mbele ya umati ule kulikuwa na bei ya kulisema. Kama ningemtoa, ningekuwa nimekubali kwamba boksi la Otis lilikuwa mchezo wa kupotezea muda chumbani. Kocha mkuu alipoinua macho, walinzi walikuwa wameshajipanga, na mrushaji wa wageni alikuwa anaita namba zake.

"Charo," akasema kocha mkuu, polepole. "Yule anafanya nini mle ndani?"

"Anacheza kona."

Kila mrushaji duniani akimfunga chipukizi, humrudia. Hila ileile, upande uleule. Mpira ukafichwa pajani, na Curtis akaingia tena nusu hatua kabla ya kujishika. Mpokeaji akampita Baraka begani. Baraka akaita "Wako!" na hakusimama. Aligeuza nyonga moja, ya pili ikafuata, akakimbia bega kwa bega na mtu ambaye hakuwa wake tena, kinyume na desturi aliyokuja nayo toka Bukavu na kinyume na zoni niliyomfundisha mimi mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameona kwamba Curtis hatawahi. Mpira ulishuka kati ya viganja vya mpokeaji. Baraka akapenyeza mkono katikati, kutoka chini, bila kumgusa mtu. Mpira ukaanguka kwenye nyasi, ukadunda mara mbili na kulala.

Hakuna aliyeshangilia. Mpira ukianguka chini watu huona kwamba hakuna kilichotokea, huinama kutafuta viazi vyao vya kukaanga. Matangazo ya spika hayakumtaja. Baraka alijiinua, akamwambia Curtis kitu kwa Kiswahili chake, akarudi mahali pake.

Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu pembeni mwa uwanja ule wote, mtu mzima, kofia imelowa, napiga makofi kwa mpira ulioanguka. Wachezaji wa benchi waligeuka kunitazama. Kocha mkuu alikuja akasimama karibu yangu, begani kabisa, akatazama nyasi pale mpira ulipokuwa, akamtazama Curtis, kisha akamtazama Baraka kwa muda mrefu.

"Mwache," akasema. "Mwache amalize mechi. Jumapili lala."

Nilikuwa bado napiga makofi.